Karatasi Tupu Yenye Sahihi

Karakana
Jumatatu, 3 Novemba

Kidomo mwanangu,

Nimekukosea. Naanza hapo hapo, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, unanijua. Ile barua iliyofika chuoni kwenu mwezi wa tisa, iliyosema kanisa la nyumbani halikukutuma na haliungi mkono masomo yako ya huduma ya vijana, haikuandikwa na Mchungaji. Niliiandika mimi. Mimi baba yako, katibu wa baraza la wazee, kwa mkono huu huu.

Najua utauliza sahihi ya Mchungaji ilifikaje pale. Sikuiga mwandiko wake. Wewe hujawahi kufungua droo ya katibu, kwa hiyo hujui tunavyofanya kazi. Mchungaji ana makanisa manne, kwetu anafika Jumapili moja kwa mwezi. Watu hawawezi kumsubiri yeye kila wanapotaka cheti cha ubatizo au barua ya kuhamia kanisa lingine. Basi kila akija anakaa kwenye kile chumba cha nyuma, anasaini karatasi tupu kumi zenye kichwa cha kanisa na muhuri, ananiachia. Mimi najaza juu. Miaka sita tumefanya hivyo na hakuna aliyelalamika. Karatasi ya saba ya mwezi ule niliijaza habari zako wewe. Mistari minne tu. Hata cheti cha ubatizo kina maneno mengi kuliko yale.

Halafu kuna la pili. Najua ulimwandikia Mchungaji barua ya moto. Alinionyesha. Alikuja hapa karakana, akakaa juu ya friji niliyoilaza chini, akasema, "Katibu, binti yako ananiita mnafiki kwa herufi kubwa. Mimi nimemfanya nini?" Nikamjibu, "Vijana wa siku hizi, Mchungaji." Nikaendelea kusafisha kompresa. Akainuka taratibu na ile barua yako mkononi, akaenda zake, na mimi nikabaki nasugua kitu ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Mama yako nilimwambia juzi. Alikuwa anapiga pasi. Akachomoa waya ukutani, akakaa, akaniangalia mpaka nikaona joto. Akasema, "Andika. Usipoandika wewe nitaandika mimi, na mimi sitatumia karatasi yenye kichwa."

Simu hupokei. Nimepiga mara kumi na moja. Ndiyo maana naituma hii kwa ofisi ya vifurushi, wamesema inafika kesho kutwa. Nitukane ukitaka, lakini jibu.

Ni mimi baba yako

*

Bweni la juu, chumba cha tisa
Ijumaa, 7 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu ya malezi ya Mama. Moyoni haijafika.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi, nimesimama, watu wananipita na ndoo za kufulia. Mwenzangu wa chumba akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia, "Ndiyo, ila sijajua wa nani."

Mchungaji nimeshamwandikia kumwomba radhi. Nimemwambia nilimdhania vibaya, basi. Sikumwambia ni nani. Hiyo kazi ni yako, mimi siifanyi.

Sasa ngoja nikuambie mistari yako minne imefanya nini, maana naona unadhani ni maneno tu. Makamu Mkuu wa chuo aliniita ofisini. Akasema, "Binti, sisi hatumpeleki mtu kwa vijana wa watu kama kwao wamemkataa." Nikamwuliza, "Nani amenikataa?" Akaigeuza karatasi mezani ili niisome mwenyewe. Nikafutwa kwenye orodha ya mafunzo kwa vitendo siku ile ile. Bila mafunzo kwa vitendo hakuna mtihani wa mwisho. Jopo linakaa Ijumaa tarehe 28 mwezi huu. Ikifika siku hiyo hakuna barua ya kweli kutoka nyumbani, natolewa chuoni, miaka mitatu inakwenda na maji. Na ile nyumba ya vijana waliopelekwa na mahakama, waliosema wananiajiri Januari, wanataka cheti. Hawataki historia ya maisha yangu.

Lakini sijaondoka, Baba. Walinitoa kwenye orodha, kitini hawajanitoa. Kila asubuhi nakaa darasani, mstari wa mbele, na mwalimu akiita majina akaliruka langu mimi naitika tu. Wiki ya kwanza darasa lilicheka. Wiki ya pili mwalimu mwenyewe akaanza kunisubiri niitike ndipo aendelee. Na kila Jumanne na Alhamisi naenda kwenye ile nyumba, bila barua ya chuo, bila kitambulisho. Mama mlezi wa pale akanizuia getini: "Chuo chako kimekutoa. Leo unakuja kama nani?" Nikamwambia, "Kama mtu anayejua kucheza karata." Akanitazama. Akafungua geti.

Unakumbuka uliniuliza mbele ya wageni, "Ukimaliza utakuwa nani, mpiga makofi?" Wakacheka wote, na mimi nikacheka, kwa adabu. Leo sina adabu, kwa hiyo nitakujibu. Waliomaliza mwaka juzi, mmoja ni mlezi wa wanafunzi kwenye shule ya bweni, anaamshwa na watoto wenye pumu na wenye barua za kuachwa. Mmoja yuko hospitali, anakaa na vijana ambao wameambiwa ugonjwa wao hauponi, na haruhusiwi kulia mbele yao. Mwingine anaandika masomo ya shule ya Jumapili, kazi ya kukaa peke yake na kufikiri kama mtoto wa miaka kumi. Mwingine anaendesha kambi, anajua kuhesabu vichwa sabini gizani na kugundua ni sitini na tisa. Hakuna hata mmoja anayepiga makofi. Hawana nafasi.

Simu sipokei kwa sababu nikisikia sauti yako nitakusamehe kabla sijaelewa. Kwenye karatasi huna sauti. Na kwenye karatasi umesema ulichofanya, hujasema kwa nini.

Nasubiri.

Binti yako, ambaye bado yuko chuoni

*

Nyumbani
Jumatatu, 10 Novemba

Kidomo,

Jina hilo nilikupa ulipokuwa darasa la pili, ulipomwambia mwalimu mkuu kwamba kengele yake inachelewa. Naona limekukaa vizuri.

Umeuliza kwa nini. Nilikuogopea, mwanangu.

Unakumbuka mwezi wa nane nilikuja kukutembelea, ukanipeleka kwenye ule ukumbi mliokuwa mnafanyia mazoezi? Viti vya plastiki vimepangwa mduara. Biblia hakuna iliyofunguliwa. Kijana mmoja anasema anamchukia baba yake wa kambo, anatamani nyumba iungue, na wewe unatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa. Nikangoja umkemee. Hukumkemea. Nikangoja basi hata uombe. Hukuomba. Nilipokuuliza njiani ukasema, "Baba, mara ya kwanza kijana akiongea, dakika ishirini ni zake. Hakuna mstari wa Biblia, hakuna ushauri, hakuna habari za mimi nilipokuwa umri wako." Nikasema moyoni, hiki chuo kinafundisha watu kunyamaza, mtoto wangu anapotea.

Na kazi. Mimi friji ya mtu ikifa ananipigia simu saa hiyo hiyo, maziwa yanaharibika. Roho ya mtu ikifa anampigia nani? Nilitaka urudi, usomee uuguzi kama tulivyosema mwanzo. Nilifanya vibaya, lakini niliangalia mbele.

Sasa sikiliza, mambo yanatengenezeka. Karatasi za Mchungaji zimebaki tatu kwenye droo. Nikijaza moja leo, nikaandika kwamba ile ya kwanza ilitumwa kimakosa na kanisa linakuunga mkono kwa moyo wote, Alhamisi iko mezani kwa Makamu. Wewe unarudi kwenye orodha, Mchungaji habughudhiwi, mimi sivunjiki mbele ya watu. Hakuna anayejua zaidi yetu watatu na pasi ya mama yako.

Niambie ndiyo tu.

Baba yako

*

Bweni la juu, chumba cha tisa
Ijumaa, 14 Novemba

Baba,

Usithubutu.

Ukinitumia karatasi hiyo nitaipeleka kwa Makamu mwenyewe na kumwonyesha inatoka droo gani. Bora nifukuzwe na barua yako ya uongo ya kwanza kuliko kuhitimu na ya pili. Wale vijana ninaokaa nao, kila mmoja ana mtu mzima aliyewahi kumtengenezea mambo kwa ujanja. Wanatunusa, Baba. Nikiingia pale na cheti cha namna hiyo watajua kabla sijavuta kiti.

Na tuache habari ya uuguzi. Nimehesabu siku. Barua yako ina tarehe 19 Septemba. Kuja kunitembelea ulikuja Agosti, tukala, ukacheka, ukaniambia viti vya mduara vinakuumiza shingo. Mwezi mzima hukuandika chochote. Tarehe 17 Septemba nikakutumia karatasi ya utafiti wangu, ile ya kwa nini vijana waliondoka kanisani kwetu, na orodha ya watu wanane ninaotaka kuwahoji. Nilikutumia wewe kwa sababu ulikuwa mlezi wa vijana pale miaka tisa kabla hujawa katibu, nikadhani utanisaidia kuwapata. Siku mbili baadaye ukafungua droo.

Kwa hiyo Jumatano nilipanda basi nikarudi mjini kwenu, sikupita nyumbani, samahani kwa Mama. Nikaenda kwa yule wa kwanza kwenye orodha. Soprano. Yule dada aliyekuwa anaimba sauti ya juu mpaka madirisha yanaitika, siku hizi anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko. Nilimwuliza kwa nini aliacha kwaya na kanisa ndani ya wiki moja, akiwa na miaka kumi na sita. Alikuwa amefungua simu ya mtu, skrubu ndogo ndogo zimejaa kwenye kifuniko cha chupa. Hakuinua macho. Akasema, "Kamwulize baba yako. Mimi jambo hilo nilimwambia mtu mmoja tu maishani, na sasa nimejifunza."

Ulimfanya nini, Baba?

Binti yako

*

Kwa Soprano
Jumamosi, 15 Novemba

Binti yangu,

Nimepita mbele ya kibanda chako mara tatu tangu asubuhi. Mara ya tatu nikanunua chaja kwa jirani yako, ya simu ambayo sina. Mdomo umeshindwa, ndiyo maana unaona bahasha.

Nilikukosea, miaka kumi na miwili iliyopita, na sijawahi kukuambia hivyo. Ulikuja kwangu baada ya mazoezi ya kwaya, ukafunga kitabu cha nyimbo, ukaniambia jambo. Ukasema, "Baba Vijana, ni wewe tu." Nikasema ndiyo. Jumanne yake nikalipeleka kwenye baraza. Nilijiambia nakusaidia, wazee wana busara, watakuombea. Wakakusimamisha mbele ya kanisa zima na mimi nilikaa mstari wa kwanza nikaangalia viatu vyangu.

Binti yangu Kidomo ananiuliza nilikufanya nini. Safari hii sitasema neno lako kwa mtu bila ruhusa yako, hata kwake. Naomba ruhusa hiyo. Na Jumapili ya tarehe 23 Mchungaji yuko kwetu. Nimeamua nitasimama mbele ya watu wote, nitaje jina lako, niseme ulionewa, nikuombe radhi hadharani kama ulivyoaibishwa hadharani.

Nisamehe ukiweza.

Fundi friji, aliyekuwa mlezi wako

*

Kibandani
Jumatatu, 17 Novemba

Baba Vijana,

Nakuita hivyo kwa mazoea, usivimbe kichwa.

Barua yako nimeisoma kati ya wateja wawili, mmoja simu imeingia maji, mmoja amesahau namba ya siri na anadhani mimi ni mchawi. Nakujibu haraka na nakujibu mara moja.

Hapana. Hunitaji kanisani. Husimami. Nani amekuambia nataka kusafishwa na watu wale? Mimi sijachafuka. Miaka kumi na miwili nimejenga maisha ambayo hakuna anayeingia kibandani kwangu akaniangalia kwa macho ya Jumapili ile. Nusu ya waliokuwepo wameshasahau, nusu nyingine wamehama. Sasa wewe unataka uwakumbushe wote kwa kipaza sauti ili wewe ulale vizuri? Utakuwa umeniuza mara ya pili, na safari hii kwa bei ya moyo wako.

Unajua kilichoniuma ni nini? Wazee niliwazoea, ndivyo walivyokuwa. Kilichoniuma ni kwamba nilipomaliza kukuambia, hukuniuliza hata swali moja. Ulifungua Biblia hapo hapo, ukanisomea, ukaomba kwa sauti, ukaniambia nenda kwa amani. Dakika tatu. Nilipofika nyumbani nikagundua hujui hata ninaogopa nini hasa. Ulikwenda kuwaambia jambo ambalo hukuwa umelisikia lote.

Binti yako ni tofauti. Alikaa kwangu saa nzima siku ile baada ya mimi kumfukuza, akanishikia tochi, hakuuliza tena. Mwambie aje akitaka, bila daftari. Nitaamua mimi cha kumwambia, na siku ya kumwambia.

Wewe unaweza kumwambia kosa lako. Kosa ni lako, lichukue. Langu usiliguse.

Kama unatafuta cha kutengeneza, nenda katengeneze ulichovunja juzi, hicho bado kina moto. Nasikia umemzuia mtoto asisome kazi ambayo wewe uliifanya miaka tisa bila kuisomea. Mimi ningekuwa na mtu kama yeye nikiwa na miaka kumi na sita, leo huenda ningekuwa naimba.

Chaja rudisha. Jirani anarudisha bidhaa ndani ya siku saba.

Soprano

*

Karakana
Jumatano, 19 Novemba

Mwanangu,

Umeuliza nilimfanya nini Soprano. Sasa nina ruhusa ya kukuambia sehemu yangu, na sehemu yangu ndiyo hii. Aliniamini na neno lake, nikaahidi kulitunza, nikalipeleka barazani baada ya siku mbili. Wakamsimamisha mbele ya watu. Neno lenyewe sitakuambia. Hata ukinikasirikia, hata ukinipigia simu leo na nikasikia sauti yako, sitakuambia. Amesema uende, bila daftari, na ataamua mwenyewe.

Sababu ya ile barua ni hiyo, nyingine zote nilizozieleza zilikuwa za kujificha nyuma yake. Uuguzi ulikuwa uongo. Viti vya mduara vilikuwa uongo nusu. Ukweli ni kwamba ulipokuwa unajaza fomu za kuingia chuoni ulinisomea kwa simu, kwa furaha ile yote, ulichoandika: "Kazi hii niliiona kwanza kwa baba yangu." Nilikata simu nikasema mtandao mbaya. Miaka mitatu nimeishi na sentensi hiyo kama mtu aliyevaa koti la kuazima akiomba mwenye koti asitokee. Halafu inakuja orodha yako, na jina la kwanza ni lake. Nikaona ukifika kwake utajua. Nikaona bora usiwe chochote kuliko ujue baba yako ni nani. Nikisoma maneno hayo sasa naona aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa, sipunguzi.

Ile siku ya ukumbini nilikasirika kwa sababu nilielewa. Ulimpa yule kijana dakika ishirini. Mimi nilimpa Soprano tatu.

Jana nilimfuata Mchungaji kwenye kanisa lake jingine, la ng'ambo, nikamkuta anapanda ngazi kubadilisha taa. Nikamwambia yote akiwa kule juu, nikaogopa akishuka nitashindwa. Alishuka polepole. Nikadhani atapiga kelele. Akakaa kwenye ngazi, akasema, "Katibu, zile karatasi nilizisaini mimi. Miaka sita nimekuwa mvivu wa kusoma ninachoweka jina langu." Akadai tatu zilizobaki, nikampa, akazichana. Kuanzia leo anayetaka cheti anamsubiri mpaka afike, watu walalamike watakavyo. Kuhusu wewe amesema atakuandikia barua yake mwenyewe, kwa kalamu, kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, lakini ya kwangu itangulie kusomwa. Nikamwambia hiyo ni haki.

Mwenyekiti wa baraza ndiye mgumu. Ameniita leo asubuhi, kabla sijafungua karakana. "Katibu, haya mambo yana njia yake. Jaza barua nyingine, tuyamalize ndani."

"Karatasi zimechanwa, Mwenyekiti."

"Basi nyamaza. Mtoto atarudia mwaka, si wa kwanza. Unataka wageni waanze kutuuliza tunaendeshaje kanisa?"

"Ndiyo. Acha waulize."

Akaninyooshea kidole. "Utavuliwa uzee wa kanisa."

"Huo nimeshauvua. Huu mwingine wa magoti ndio nimebaki nao, na huo huwezi kuuchukua hata ukitaka."

Akasema nimechanganyikiwa kwa sababu ya mtoto wa kike. Nikamwambia naomba nichanganyikiwe hivyo mapema zaidi safari nyingine. Mama yako alikuwa nyuma ya mlango wa karakana na chupa ya chai. Alimimina kikombe kimoja tu, akanipa mimi, Mwenyekiti akabaki anatazama.

Jumapili sitasimama mbele. Soprano amekataa, na amenifundisha kitu kwa kukataa kwake. Nitakaa kiti cha nyuma kama mtu yeyote.

Usinisamehe bado. Usinipigie simu. Kaa mstari wa mbele, itika jina lako, Jumanne nenda kacheze karata. Sikuombi kitu.

Mimi ndiye nakuahidi. Jumatatu tarehe 24 Novemba, siku nne kabla ya jopo, saa nne kamili asubuhi, nitakuwa mbele ya meza ya Makamu Mkuu wa chuo chenu, mimi na Mchungaji. Nitakuwa na barua niliyoandika kwa mkono wangu, kwenye karatasi ya daftari isiyo na kichwa wala muhuri, inayosema: barua ya tarehe 19 Septemba niliiandika mimi peke yangu, Mchungaji hakujua, baraza halikujua, kanisa halikumkataa binti huyu, na nilifanya hivyo kuficha kosa langu la zamani dhidi ya kijana niliyekabidhiwa. Nitaisoma kwa sauti mbele yake, kisha nitaisaini akiwa anaangalia. Akiniuliza kijana huyo ni nani nitamwambia hilo si langu kusema. Akisema nirudi nyumbani nikasubiri majibu, nitakaa kwenye benchi la nje ya ofisi, Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano, mpaka jina lako lirudi kwenye orodha au anifukuze mlinzi. Karakana nimeshaifunga wiki nzima. Friji za watu zitasubiri.

Baba yako